Redio ya bibi haizimwi: namna ya kuifuata Radio 4 ukiwa na kazi mikononi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nina miezi saba hapa Uingereza. Namtunza bibi wa miaka 88 nyumbani kwake, karibu na Cromer, pwani ya Norfolk. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi wa kaa. Redio ya jikoni haizimwi wala haihamishwi stesheni, ni Radio 4 ya BBC tu. Muziki karibu hakuna. Asubuhi wanabishana na mawaziri, ukigeuka wanawake wanaongelea kukoma hedhi, mara mchezo wa kuigiza, mara maua, mara watu wanataja vituo vya treni na ukumbi mzima unacheka. Usiku bibi hakubali kulala mpaka yasomwe majina fulani ya ajabu, na nikiongea wakati huo ananinyooshea kidole. Halafu redio ya chumbani inatangulia ya jikoni! Huo mpangilio una akili gani? Nami ninayetaka Kiingereza changu kikue, nisikilize nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la redio mbili, ndilo fupi. Redio ya jikoni bila shaka ni ya kidijitali, na ya chumbani ni ya zamani, ya FM. Mawimbi ya FM yanafika papo hapo. Kwenye ya kidijitali sauti inageuzwa namba, inafungashwa, inarushwa, kisha inafunguliwa tena humo ndani ya redio, na shughuli hiyo inakula sekunde kadhaa. Ukisikiliza kwenye simu kwa intaneti utachelewa zaidi. Hakuna kilichoharibika. Ila kama bibi ana mazoea ya kurekebisha saa ya ukutani kwa zile pi-pi-pi za redio, arekebishe kwa redio ya chumbani.

Na hizo pi-pi-pi ndizo zitakazonifikisha kwenye swali lako kubwa. Ziko sita. Zilianza kurushwa tarehe 5 Februari 1924, zikitoka kwenye saa za kituo cha kuchunguza nyota cha Greenwich, BBC yenyewe ikiwa haijatimiza miaka miwili. Tano za mwanzo ni fupi, sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ya sita ni nusu sekunde, na saa mpya inaingia pale ya sita inapoanza kulia. Mtangazaji anatakiwa awe amenyamaza kabla ya ya kwanza. Mimi nilianzia kazi kwenye stesheni iliyokuwa na mlio wake wa saa pia. Siku moja nilikuwa na mgeni anayesimulia vizuri mno, nikamwachia amalizie sentensi, mlio ukatukuta katikati. Msimamizi wangu hakunigombeza. Alifungua mlango wa studio, akaninyooshea saa ya ukutani, akafunga mlango. Nilikoma.

Ukishaielewa nidhamu hiyo, utaielewa Radio 4. Usiitafutie mada, itafutie saa. Anayepanga vipindi vyake anajiuliza: saa hii msikilizaji yuko wapi, mikono yake inafanya nini, kichwa chake kina nafasi kiasi gani? Ndiyo maana kwako, unayesikiliza vipande ukipita jikoni na ndoo au trei ya dawa, yanaonekana mambo yaliyomwagwa hovyo. Kwa bibi, aliyeisikiliza tangu stesheni hiyo ilipopewa jina hilo tarehe 30 Septemba 1967, na kabla ya hapo ilipoitwa Home Service, siku nzima ni mtaa anaoujua nyumba kwa nyumba.

Nikupitishe humo, kwa saa za Kiswahili. Angalia tu kwamba majina ya vipindi vyao yana saa za Kiingereza ndani: The World at One kwetu ni saa saba mchana. Nimeshaona watu wakikaa kuisubiri saa moja asubuhi.

Kabla hakujapambazuka vizuri kuna kipindi cha wakulima, kifupi. Saa kumi na mbili asubuhi inaanza Today, iliyopo tangu 1957, inakwenda hadi saa tatu. Hapo watu wananyoa ndevu, wanawavalisha watoto, wako ndani ya gari. Hakuna anayesikiliza saa tatu mfululizo, kwa hiyo vichwa vya habari vinarudiwa na mahojiano yanakatwa mafupi. Saa mbili na dakika kumi, baada ya taarifa ya habari, ndipo anapokalishwa mgeni mzito wa siku, mara nyingi waziri. Kubanwa kule unakokuita kubishana ni kazi. Mtangazaji anajua waziri amekuja na sentensi tatu alizokaririshwa ofisini, naye anajaribu kumtoa kwenye hizo sentensi. Kwetu, tuliozoea kumwita kiongozi mheshimiwa hata anapokwepa swali, inasikika kama utovu wa adabu. Mimi hupenda kuisikiliza kama ngumi: nani kapiga, nani kakwepa. Katikati ya vurugu hizo, kama saa mbili kasorobo, yanaingia mawaidha ya dakika tatu hivi kutoka kwa mtu wa dini, padri leo, kesho rabi, keshokutwa Mwislamu au Kalasinga, halafu ngumi zinaendelea.

Saa tatu, watu wakishafika kazini, wanaobaki na redio ni wale walio nyumbani, na ghafla kuna nafasi ya kukaa na jambo moja. Alhamisi saa hiyo kuna In Our Time, ambayo Melvyn Bragg aliianzisha mwaka 1998 na kuiendesha hadi 2025: wasomi watatu na mwendeshaji, mada moja, iwe vita vya Warumi, mshairi wa Uajemi au maisha ya kunguni. Hawajifanyi kurahisisha. Wewe ukipika uji wa bibi unaweza ukaambulia robo yake, na robo hiyo si haba.

Saa nne ni Woman's Hour. Ilianza Oktoba 1946, na mtangazaji wake wa kwanza alikuwa mwanamume, Alan Ivimey. Wenyewe wameshalicheka hilo vya kutosha. Enzi hizo ilirushwa saa nane mchana, pale mama wa nyumbani alipodhaniwa amemaliza vyombo vya chakula cha mchana. Ilihamia asubuhi mwaka 1991. Hayo ya kukoma hedhi yaliyokushtua jikoni yalianza kuzungumzwa humo zamani, wakati hata daktari aliyazunguka. Usizime kwa aibu. Bibi atadhani umechukizwa naye.

Mchana ni habari tena saa saba, kisha saa nane The Archers, na saa nane na robo mchezo wa redio wa dakika arobaini na tano, mara nyingi hadithi mpya kabisa. Hiyo michezo mipya siisemei sana, kuna mizuri na kuna ya kusinzia. The Archers ndiyo inayohitaji maelezo, maana bila hiyo hutamwelewa bibi.

Baada ya Vita vya Pili Waingereza walikuwa bado wanapimiwa chakula kwa kadi, na mgao huo haukuisha hadi 1954. Serikali ilitaka wakulima walime kwa mbinu mpya, na vipindi vya kilimo vilikuwa vikavu kama makumbi. Mwaka 1948, kwenye mkutano wa BBC na wakulima mjini Birmingham, mkulima mmoja akasimama akasema wanachohitaji ni mchezo wenye msisimko, kama ule wa upelelezi uliokuwa ukipendwa siku hizo, ila wa shambani. Mtayarishaji Godfrey Baseley akalichukua wazo hilo. Majaribio yalifanyika 1950, na kuanzia tarehe 1 Januari 1951 nchi nzima ikaanza kusikiliza habari za familia moja ya wakulima katika kijiji cha kubuni, Ambridge. Humo ndani wizara ya kilimo ilipenyeza ushauri wake: dawa ya mifugo, mbegu, matrekta. Waliokuwa Tanzania miaka ya tisini wanaijua mbinu hii kupitia Twende na Wakati ya Radio Tanzania, iliyoanza 1993 ikipenyeza uzazi wa mpango na UKIMWI ndani ya visa vya mapenzi na ulevi. Wizara ya Uingereza ilishaondoa mkono wake siku nyingi. Mchezo haujaisha mpaka leo, na hakuna mchezo wa kuigiza duniani uliorushwa kwa muda mrefu kuuzidi.

Tarehe 22 Septemba 1955, usiku ule ule televisheni ya kwanza ya biashara ilipozinduliwa London, waandishi wa The Archers walimuua bibi harusi kijana, Grace, kwenye moto wa banda la farasi. Watu walilia majumbani, na magazeti ya asubuhi yakamwandika marehemu asiyekuwepo duniani, televisheni mpya ikakosa nafasi yake. Bibi yako alikuwa msichana mdogo wakati huo. Mwulize siku moja ukimpa chai. Halafu nyamaza, umsikilize.

Nikuonyeshe na jambo la karibu. Ukisikia geti la shamba likilia kwenye mchezo huo, jua kwa miaka mingi geti hilo limekuwa meza kuukuu ya kupigia pasi, inafunguliwa na kufungwa mbele ya maikrofoni studioni Birmingham. Nyasi ni mikanda ya zamani ya kurekodia, imefumuliwa na kurundikwa sakafuni, mtu anaikanyaga. Kondoo akizaa, kinachosikika kikidondoka ni taulo lililoloweshwa na kupakwa mtindi. Nilipokuwa nafundisha vijana wetu michezo ya redio niliwaambia haya wakacheka, kisha wiki ile ile mmoja akaniletea sauti ya mvua ya Masika aliyoitengeneza kwa ungo na mchele. Ilikuwa mvua kweli.

Ijumaa saa tisa alasiri ndiyo hayo maua yako, Gardeners' Question Time, tangu 1947. Wataalamu wa bustani wanapelekwa kwenye ukumbi wa mahali fulani, wenyeji wanauliza kwa nini waridi lao limeingia madoa. Jibu la kwanza mara nyingi ni kwamba inategemea udongo.

Saa kumi na moja jioni habari zinarudi kwa marefu, watu wakiwa njiani kurudi. Saa kumi na mbili kengele ya Big Ben inalia, moja kwa moja, kuna maikrofoni kule juu mnarani, na taarifa ya habari ya nusu saa inasomwa bila madoido. Baada ya hiyo, saa kumi na mbili na nusu, ni vichekesho. Ndiyo, kutoka kwenye vita hadi kwenye mzaha bila daraja. Nadhani kuna maarifa ya mezani hapo: umesikia mabaya yote ya dunia, sasa kula.

Katika vichekesho hivyo kuna viwili vitakavyokutesa. Just a Minute, iliyopo tangu 1967, inamtaka mtu aongee sekunde sitini juu ya mada aliyopewa bila kusita, bila kutoka nje ya mada, na bila kurudia neno. Nicholas Parsons aliiendesha zaidi ya miaka hamsini hadi alipofariki 2020. Nilishajaribu mchezo huo kwa Kiswahili na wanafunzi wangu, tukakwama dakika ya kwanza kwenye ubishi: je, “nilikwenda” na “walikwenda” ni neno moja au mawili? Hatujaafikiana mpaka leo. Cha pili ni hicho cha vituo vya treni, ndani ya I'm Sorry I Haven't a Clue, iliyoanza 1972. Wachezaji wanataja vituo na mitaa ya London kwa zamu, kwa uzito kama wa mabingwa wa bao, na anayetaja Mornington Crescent kwanza ameshinda. Usitafute kanuni. Hazipo, hazijawahi kuwepo, na hicho ndicho kinachowachekesha. Waulize wenyeji na watakuapia kwamba zipo.

Saa moja na dakika mbili usiku The Archers mpya, dakika kumi na tatu hivi. Baadaye sanaa, makala, uchunguzi, saa nne habari za dunia, na saa tano kasorobo usiku inasomwa sura ya kitabu kwa ajili ya watu walioko kitandani. Katika masaa ya makala hayo ndimo zinamoingia pia zile Reith Lectures za kila mwaka, zilizoanza 1948 na kupewa jina la mkurugenzi mkuu wa kwanza wa BBC. Nazitaja kwa sababu moja tu: mwaka 1979 aliyekabidhiwa maikrofoni hiyo alikuwa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, akatoa mihadhara sita juu ya hali ya Afrika, akiwaambia Waingereza mengi yasiyowapendeza, kwa Kiingereza kilichowazidi wengi wao. Siku ukijisikia mgeni jikoni kwa bibi, kumbuka sauti ya pwani yetu ilishapita kwenye stesheni hiyo hiyo.

Utauliza nani analipia yote haya pasipo tangazo hata moja la sabuni. Ni ada ya leseni ya televisheni, iliyokuwa pauni 174.50 kwa mwaka 2025. Leseni ya redio peke yake ilifutwa 1971. Kwa kuwa hakuna mwenye sabuni wa kuridhishwa, kipindi kinaweza kumlenga msikilizaji asiye na hela wala ujana. Mtu kama bibi yako.

Sasa majina ya ajabu. Hiyo ni Shipping Forecast, taarifa ya hali ya bahari, na mjane wa mvuvi wa kaa haisikilizi kama wimbo wa kubembelezea usingizi, ingawa nchi nzima inaisikiliza hivyo. Mwaka 1859 dhoruba iliizamisha meli Royal Charter kwenye pwani ya Wales, wakafa zaidi ya watu mia nne. Robert FitzRoy, mwanamaji aliyekuwa amempeleka Darwin kuzunguka dunia na sasa akiongoza idara mpya ya hali ya hewa, akasema vifo hivyo vingeepukika, na kuanzia 1861 akawa anatuma maonyo ya dhoruba bandarini kwa simu ya waya. Redio ikayachukua maonyo hayo miaka ya 1920. Leo bahari zinazozunguka visiwa hivyo zimegawanywa maeneo 31, na moja limepewa jina la FitzRoy tangu 2002.

Taarifa ya usiku inasomwa saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Kabla yake unasikia muziki wa taratibu, Sailing By wa Ronald Binge. Una kazi mbili: baharia anayehangaika na kitufe ajue ameipata stesheni, na mtangazaji apate kitu cha kukatisha popote ili aanze kwa dakika yenyewe. Kisha maneno yasiyozidi mia tatu na hamsini, ya usiku yakizidi kidogo, na hakuna hata moja la urembo. Kwa Kiswahili eneo moja lingesomeka hivi: “Humber: kusini-magharibi 4 hadi 6, 7 baadaye. Wastani au chafu. Mvua. Nzuri, mara chache hafifu.”

Mpangilio haubadiliki. Kwanza upepo unatoka wapi, na nguvu yake kwa kipimo cha Beaufort, ambapo 8 ni dhoruba ya kuitolea onyo. Pili hali ya maji. Tatu mvua au ukavu. Mwisho macho yanaona umbali gani. Kwa hiyo ile “good” ya mwisho unayoisikia haisemi kwamba hali ya hewa ni nzuri. Inasema nahodha anaona zaidi ya maili tano za baharini, hata kama anayoyaona ni mawimbi ya kumtoa roho. “Poor” ni kati ya mita elfu moja na maili mbili. Na maneno ya muda nayo yana vipimo: “imminent” ni ndani ya saa sita, “soon” ni saa sita hadi kumi na mbili, “later” ni zaidi ya hapo, ndani ya siku moja. Mwenzako wa kazini akikuambia anakuja “soon” usimpimie hivyo. Baharini ni sheria. Manahodha wetu walikuwa na kusi, kaskazi na matlai, jina moja likibeba upepo, msimu na safari. Hawa wameweka namba.

Ikiisha, mtangazaji anaaga, wimbo wa taifa unapigwa, na saa saba usiku Radio 4 inaiachia World Service masafa yake. Hiyo ni nyumba ile ile iliyozaa Idhaa ya Kiswahili mwaka 1957.

Kuhusu Kiingereza chako: hivyo vichekesho na In Our Time weka pembeni kwanza. Anza na habari, kwa hila hii. Habari kubwa ya siku inasemwa saa saba mchana, saa kumi na moja, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Ni kisa kimoja kwa maneno yanayobadilika kidogo. Mara ya kwanza shika majina tu, mara ya nne utakuta umeshika vitenzi. Kisha The Archers: sikiliza saa moja usiku, na kesho yake saa nane mchana kipindi kile kile kinarudiwa. Humo watu wanaongea kama majirani wa bibi, wanakatizana, wanalalamikia mvua, wana lafudhi. Kiingereza cha mtangazaji utakisikia redioni peke yake. Cha Ambridge utakutana nacho dukani. Ukikosa neno, usikimbilie simu, mwulize bibi. Atafurahi kuwa na mtu wa kuongea naye habari za watu wasiokuwepo.

Na usiku, majina yanasomwa kwa mzunguko wa saa, yakianzia Viking upande wa Norway na kushuka: North Utsire, South Utsire, Forties, Cromarty, Forth, Tyne, Dogger, Fisher, German Bight. Yakifanana hali huunganishwa, lakini zamu haivurugwi. La kumi na moja ni Humber, na Humber ni maji ya hapo Cromer. Hesabu kwa vidole. Ukifika German Bight, weka kikombe chini.